Kurasa Mia na Kumi za Mama Nukta

Mimi ni mtu mchungu, na sioni haya kulisema. Kuna watu wanaamka meno nje na kulala meno nje. Mimi nikicheka shavu linauma. Kazini wananiita Ndimu, na aliyenibandika jina hilo ni mwanamke ambaye hajawahi kuuona uso wangu, ila anasema aliusikia nilipoingia mlangoni siku ya kwanza. Tumekaa meza moja miaka kumi na mmoja. Yeye tunamwita Mama Nukta, na haya ninayosimulia ni yake. Mimi nimo kwa sababu nilifanya kosa.

Kiwanda chetu ni vyumba vinne tu. Tunatengeneza vitabu vya shule vya watoto wasioona. Hakuna wino. Mashine inapiga nukta zilizoinuka kwenye karatasi nene, na mtoto anazisoma kwa ncha za vidole. Nukta yenyewe ni ndogo kuliko punje ya mtama, lakini ikikosekana moja tu, mbili inageuka kuwa moja, na mtoto wa watu anafeli hesabu ambayo angeipata. Ndiyo maana kila ukurasa unapita kwanza mezani kwetu. Mimi nasoma kwa sauti kutoka kwenye kitabu cha wino, neno kwa neno, mkato kwa mkato. Yeye anafuata kwa vidole kwenye karatasi ya nukta. Tukitofautiana ananisimamisha, na kosa linawekwa alama.

Sasa nikueleze vidole vile. Mkono wa kulia unamalizia mstari, wa kushoto umeshatangulia chini, umekaa mwanzoni mwa mstari unaofuata unamsubiri mwenzake. Huoni pahali vinaposimama. Na mdomo je? Mdomo uko kwa jirani yake aliyenunua kufuli jipya la stoo, akafungia funguo humo humo ndani, akakimbilia kwa fundi, fundi akamwambia, "Sawa, niletee nyundo yangu uliyoazima," na nyundo imo stoo. Mimi nasoma habari za mwendokasi na umbali, yeye anapenyeza habari za kufuli, na katikati ya hayo anasema, "Simama. Hapo umesema tano, hapa kuna tisa." Kisha anaendelea na fundi wake.

Mwaka wangu wa pili sikuamini. Nilijiambia huyu mama anabahatisha, haiwezekani mtu apige soga vile na bado asome. Basi siku moja alipokwenda kunywa maji, nikachukua jedwali la hesabu lenye namba tupu, ukurasa mzima, nikabonyeza nukta moja kwa ukucha ikalala. Nikakaa kimya na roho yangu mbaya. Aliporudi tulianza kusoma. Alikuwa ananisimulia harusi ya binamu yake, bwana harusi kavaa viatu vya kuazima vinavyopiga kelele. Alipofika kwenye nukta ile hata sauti haikubadilika. Akasema, "Viatu vikawa vinalia kwii, kwii, kila mtu anageuka, na wewe Ndimu kakate kucha." Nilipigwa na butwaa. Nilikata kucha siku ile ile, na tangu hapo nikimwangalia akisoma ninashikwa na kitu ambacho sina jina lake, kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada akiwa amesahau kuvua kofia.

Wasomaji wa meza ya pili ni watu makini, wakimya utadhani wamo kwenye mtihani. Wanatoa kurasa ishirini na tano kwa siku. Yeye anatoa arobaini, na kelele zake zote. Niliwahi kumwambia kwamba akinyamaza atafika hamsini. Akanyamaza siku moja, kwa kunikomoa. Tukatoka na ishirini na saba. Aliniambia, "Umeona? Ulikuwa unanisindikiza kaburini."

Nyumbani kwake ni vyumba viwili, na humo alimlea binti yake peke yake, maana mumewe alifariki mtoto akiwa tumboni. Lipo jambo moja la nyumba ile ambalo watu wa kazi yetu tu ndio wataelewa. Vidole vya msomaji havitakiwi sabuni kali, havitakiwi jiko la moto, havitakiwi kuparuza mihogo wala kukata pilipili. Ngozi ikiota sugu, nukta zinanyamaza. Kwa hiyo tangu binti ana miaka sita, yeye ndiye aliyefua, yeye aliosha masufuria, yeye alimenya. Mtaani ndiye aliyemshika mama mkono, akimtajia njia: ngazi, shimo, baiskeli. Sisi kazini tulimsifu sana yule mtoto. Hakuna aliyemuuliza.

Alipofika miaka kumi na tisa, Jumapili moja, katikati ya kufua, aliitupa shuka ndani ya beseni akasema, "Mimi nimezaliwa kulinda vidole vyako. Kwani mimi sina vyangu?" Mama Nukta naye ana ulimi. Akamjibu kwamba vidole hivyo ndivyo vilivyomlisha. Neno likazaa neno. Jioni binti alifunga nguo zake, akahamia kwa mama yake mdogo upande wa pili wa mji.

Haya aliniambia mwenyewe Jumatatu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akasema, "Soma." Nikasoma. Tukatoka na kurasa kumi na nane. Kesho yake kumi na tano. Wiki ya pili tukawa tunajikongoja na kumi na mbili, na zaidi ya hapo hapandi. Anarudia mstari mmoja mara tatu. Ananisimamisha palipo sawa, anapita palipo na kosa, na mimi naliona kosa kwa macho yangu, namwambia, ananyamaza. Habari za jirani zikakatika. Chumba kikawa na sauti yangu tu na mashine inayogonga nyuma ya ukuta, na nikagundua kwamba sauti yangu siipendi.

Meneja wetu, mwanamke wa haki lakini wa hesabu, alidhani ni sabuni, maana sasa Mama Nukta anajifulia. Akanunua glavu. Akaleta mafuta ya mikono. Akaagiza beseni la maji ya uvuguvugu liwekwe mezani kila asubuhi. Ngozi ikawa laini kama ya mtoto, na kurasa zikabaki kumi na mbili. Siku moja nilimpa kikombe cha chai, vidole vyetu vikagusana. Vilikuwa baridi kama nondo za dirisha asubuhi, na nje jua lilikuwa linachoma. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," alisema. "Damu imegoma kufika huko. Iko hapa." Akajigusa kifuani.

Jumatatu ya wiki ya nne Meneja aliingia, akavuta kiti akaketi. Alikuwa na juzuu ya mwisho ya kitabu cha fizikia, kurasa mia na kumi. Shule ilikuwa inaisubiri kwa ajili ya watahiniwa, gari lingekuja kuichukua Ijumaa saa kumi jioni.

"Mama Nukta, zamani hii kwako ilikuwa kazi ya siku tatu. Nakupa tano," alisema. "Ikimalizika, tutasahau yaliyopita. Isipomalizika, meza hii nitampa mtu mwingine, wewe utakwenda chumba cha kufungia. Mshahara wako hautaguswa."

Chumba cha kufungia ni pale vitabu vinapotiwa kwenye maboksi na kupigwa kamba. Si kazi ya aibu. Lakini Mama Nukta alijifunza kusoma akiwa na miaka kumi na nne, baada ya kukaa ndani miaka yote hiyo akiambiwa hana la kufanya duniani, na tangu hapo hajapitisha siku bila kusoma. Meneja alipotoka aliniambia taratibu, "Ndimu, nikiondolewa hapa sitakufa. Nitabaki nafunga kamba. Naona bora kufa." Nilifungua ukurasa wa kwanza.

Mchana wa siku hiyo hiyo nilikuwa getini. Mlinzi akanipa karatasi nene iliyokunjwa mara nne. "Binti wa Mama Nukta kaileta," alisema. "Nimemwambia aingie, hakutaka. Kaondoka anakimbia."

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu, na nalisema bila kujitetea. Niliikunjua. Ilikuwa imejaa nukta, zimetobolewa kwa mkono, si kwa mashine. Mimi sisomi nukta kwa vidole, lakini kwa macho najua kuunga herufi, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikaunga mstari wa kwanza. Upuuzi mtupu. Mstari wa pili, upuuzi. Herufi zisizotamkika, alama zisizokuwepo, kama mtu aliyechukua sindano akachoma choma karatasi kwa hasira. Ghadhabu zikanipanda. Niliona kwamba msichana yule amemletea mama yake asiyeona karatasi ya kumdhihaki: haya, soma basi, si una vidole. Na wiki gani? Wiki hii. Nikajiambia akiipata hii leo, amekwisha. Nikaitia ndani ya droo yangu, nikafunga kwa ufunguo.

Jumatatu tulitoa kumi na mbili. Jumanne kumi na moja. Jumatano kumi na moja. Jumla thelathini na nne, na makosa aliyokamata ni manne. Zimebaki sabini na sita na siku mbili. Jumatano jioni niliporudi nyumbani sikula. Mke wangu aliniuliza nina nini, nikamwambia yote, hata droo.

"Barua ni ya nani?" aliuliza.

"Yake."

"Basi wewe inakuhusu nini?"

Alhamisi asubuhi nilifika kabla ya mtu yeyote. Mama Nukta alipoketi, nikaiweka karatasi mbele yake. Nikamwambia imeletwa na binti yake, Jumatatu, nimeificha, nimejaribu kuisoma nikaona ni dhihaka, na kama nimekosea anisamehe, na kama sijakosea pia anisamehe.

Aliweka vidole juu. Vikasimama. Nikaona midomo yake inakauka, nikajua hasikii chochote, vidole vimekufa kabisa. Akavisugua kwenye magoti, akarudisha. Safari hii hakuanza kushoto. Alikwenda mwisho wa mstari, kulia kabisa, akaanza kurudi nyuma kwa mkono wa kushoto. Mara moja tu uso ukafunguka.

"Huyu mtoto," alisema. "Huyu mtoto hatajifunza mpaka naingia kaburini."

Ukiandika nukta kwa mkono, unatumia kibao chenye matundu na kisindano, na unatoboa kwa upande wa nyuma wa karatasi. Kwa hiyo unaanza kulia unakwenda kushoto, kila herufi umeigeuza, ili ukipindua karatasi maandishi yanyooke. Binti aliandika kama watu wa kalamu, kutoka kushoto. Barua nzima ilitoka kinyume, kama unavyoona maandishi kwenye kioo. Tangu ana miaka sita alikuwa akikosea hivyo hivyo akiwa na haraka, na mama yake alimgombeza kila mara, na kila mara aliisoma. Sidhani yupo mtu mwingine mjini mwetu anayeweza. Na vidole vile vilivyoshindwa siku tatu kusoma maandishi yaliyonyooka, sasa vilikuwa vinakimbia juu ya maandishi yaliyopinduka, na mimi nimesimama pembeni nywele zimenisimama.

Alinisomea kwa sauti. Sitaandika yote. Binti alisema kwa mama mdogo anaishi vizuri, anafua nguo zake tu, na amegundua kufua nguo zako tu kunachosha zaidi. Alisema juzi alikuwa anapita sokoni peke yake, akasema kwa sauti "ngazi," watu wakamgeukia. Kisha mbele kidogo akasema "shimo," mzee mmoja akamshukuru. Hapo Mama Nukta aliangua kicheko. Alicheka mpaka akainama, mpaka wasomaji wa meza ya pili wakaacha kazi. Mstari wa mwisho ulisema: Mama, sikuchoka na wewe, nilichoka kutoulizwa. Nije Jumamosi? Hapo kicheko kikageuka machozi, akayafuta kwa kiganja, si kwa vidole.

Kisha akanigeukia. "Ndimu, siku tatu umemfungia mtoto wangu ndani ya droo."

Nilisema najua.

"Nitakugombeza wiki ijayo. Leo sina nafasi. Mpelekee mlinzi ujumbe ampigie simu mdogo wangu, amwambie binti ndiyo. Halafu nirudishie zile kurasa thelathini na nne."

Nikamwambia zile zimeshapita, zimeshahesabiwa, tukizirudia zitakuwa mia na kumi kwa siku mbili, na yeye katika maisha yake yote hajawahi kuvuka arobaini na tatu kwa siku.

"Sikuzisoma hizo," alisema. "Nilizipapasa. Mtoto wa mtu ataingia nazo mtihanini. Lete."

Nikazileta. Akanyoosha mkono juu ya meza, nikadhani anatafuta kijiti chake cha kufutia nukta, kumbe anatafuta mkono wangu. Akaukamata. Vidole vilikuwa vya moto, vya moto kabisa, kama mtu aliyetoka kukumbatia jiko. "Soma," alisema.

Nimesoma kwa sauti miaka kumi na mmoja, na sijawahi kufukuzwa vile. Kwa kawaida yeye ndiye anayenifuata. Siku hiyo alikuwa mbele yangu, ananisubiri mwisho wa mstari, anagonga meza kwa kidole kidogo. Na anasimulia. Mwezi mzima wa habari zilizokwama ulifumuka: jirani wa kufuli amenunua kufuli la pili, mama mdogo wa binti anakoroma na binti sasa hana pa kukimbilia, na mimi Ndimu ninasoma neno "msuguano" kama mtu anayetema mbegu. Katika kurasa zile thelathini na nne alikamata makosa kumi na tisa. Kumi na tisa, pale alipokuwa amekamata manne. Moja lilikuwa ndani ya jibu la zoezi, na mimi mwenye macho mawili nilikuwa nimelipita mara mbili.

Alhamisi tulitoa hamsini na sita. Nilimwambia Meneja idadi hiyo akadhani natania, akaja kuzihesabu mwenyewe kwa kidole gumba. Ijumaa koo langu liliisha. Ilipofika saa sita nilikuwa nanong'ona, na Mama Nukta akasema afadhali, sasa unasikika kama binadamu. Wasomaji wa meza ya pili walimaliza kazi yao wakavuta viti vyao karibu, wakawa wanasikiliza tu mlio wa vidole kwenye karatasi. Nao hawaoni. Mmoja wao, mzee mwenye miaka thelathini ya kazi, aliniambia sikioni, "Sijawahi kusikia mkono ukienda hivyo." Meneja alisimama mlangoni na faili mkononi, na nadhani alisahau alichokuja kufanya.

Saa tisa na robo nilisoma neno la mwisho. "Kituo," nilisema, yaani sentensi imekwisha. "Kituo," alijibu, akainua mikono. Mia na kumi. Hakuna aliyepiga makofi. Tulibaki tumekaa, na mimi, mtu mchungu, nilikuwa nalia mbele ya watu na sikujali. Mtu mmoja amefurahi, na furaha yake imeshuka kwenye mikono yake, na mbele ya macho yangu ikawa kitabu. Nilikuwa nimeishi miaka hamsini nikidhani kwamba furaha ni kitu unachokwenda nacho nyumbani kazi ikiisha.

Kila Ijumaa tunajaza fomu ya tija. Mama Nukta anasema, mimi naandika, Meneja anasaini. Kuna kisanduku chini kinachouliza sababu ya kazi kupanda au kushuka, na miaka yote tumeandika mambo ya mashine na karatasi.

"Andika," alisema Mama Nukta, "binti yangu anakuja kesho."

Nikaandika hivyo hivyo. Meneja akaisoma amesimama. Akaisoma tena. Akasema kwamba makao makuu wakiona hii watampigia simu, kwamba hii si sababu ya kitaalamu, kwamba wao wanataka kitu wanachoweza kuagiza kiwandani kote.

"Basi waagize hicho," alisema Mama Nukta.

Meneja aliishika ile kalamu muda mrefu. Nilingoja afute. Akasaini, akaibana fomu kwenye faili, kisha akauliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Anakuja saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Na nyumba umeisafisha?"

"Bado. Nilikuwa huku."

Meneja akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa imebaki saa moja na nusu ya kazi. Akachukua mkoba wa Mama Nukta uliokuwa umening'inia kwenye kiti, akamwekea mkononi, akaingia ndani kuchukua wa kwake. "Twende," alisema. "Mimi nitafua, wewe usiguse sabuni."